Injini ya Sadaka

Hillat Wad Sarur,
12 Februari 1986

Mdogo wangu Dafalla,

Salamu zikukute salama huko Jeddah kwenye joto lenu. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mwanangu wa kwanza amenipita kimo, na kadiri anavyorefuka ndivyo adabu inavyompungua. Ngano imeota vizuri ila ndege wanakula kabla yetu. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja kilema. Mama anakusalimu sana na anakuombea dua.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini niandike. Basi la baba limekufa.

Khidir alikuwa anarudi nalo kutoka Karima, abiria wamejaa na magunia juu. Injini ikaanza kugonga. Mtu mwenye akili angesimama, lakini unamjua mume wangu na ile "nitafika" yake. Akaikaza mpaka ikapiga kishindo kimoja, mafuta yote yakamwagika mchangani, na watu wakaja kwa miguu wakiwa na kuku zao mikononi. Basi limevutwa na trekta la shamba la ushirika. Fundi Bushra, yule mzee aliyestaafu reli kule Atbara, alifungua, akachungulia, akafunga. Pistoni imevunjika ikatoboa ubavu wa bloku ya injini. Shimo lenyewe unapitisha ngumi. Anasema hapo hakuna cha kulehemu wala cha kuchonga, ni injini nyingine au tulifugie kuku.

Ndugu yangu, huko kwenu magari yanatupwa yakiwa bado yanapumua. Tafuta injini ya dizeli, hata iliyotumika, utuletee. Si kwa ajili ya Khidir, ingawa nikikwambia anavyoishi sasa utamhurumia: kila asubuhi anakwenda kukaa kwenye usukani, anafuta kioo, kisha anarudi kunywa chai. Nakuomba kwa ajili ya nyumba nzima. Usiniulize zaidi, tafuta tu.

Dada yako,
Sitana

*

Jeddah,
25 Machi 1986

Dada Sitana,

Waaleikum salaam. Barua yako imekuja na kijana mmoja kutoka Nuri, imekaa wiki nzima kwenye mfuko wa koti lake kwa sababu alisahau. Mimi mzima. Kazi ni ileile ya ghala, mgongo nao ni uleule. Chumbani tumekuwa watano, wawili ni wa kwetu, kwa hiyo maharage yetu ya ful yanapikwa inavyotakiwa. Wabusu watoto, yule mrefu mchape kwa niaba yangu.

Kuhusu basi, liuzeni kama chuma chakavu. Silipendi na shemeji Khidir anajua kwa nini. Wewe pia unajua, ila kwenu mambo haya hayatajwi, kwa hiyo nitayataja mimi. Miaka sita iliyopita nilishuka kwenye garimoshi Karima na sanduku la zawadi, ndani yake kanzu ya baba niliyoichagua duka kwa duka. Nikapanda basi. Shemeji akaniketisha karibu naye, njia nzima ananitania, ananiuliza habari za wasichana wa Jeddah, mimi nacheka meno yote nje. Baba alikuwa kaburini mwaka mzima! Barua zenu zote zilisema "baba anakusalimu." Nikashuka ninacheka, wanawake wakaniona, wakaangua kilio mlangoni, ndipo nikajua. Najua ni desturi: aliye ugenini hapewi habari ya kifo asije akafa kwa uchungu peke yake. Haya, mimi sikufa. Lakini tangu siku ile hakuna barua kutoka kwenu ninayoisoma bila kuipekua kama askari wa forodha.

Na hii yako nimeipekua. "Mama anakusalimu sana na anakuombea dua." Mama yupi huyo? Mama yangu mimi hajawahi kunisalimu bila kunigombeza. Mbona huoi, mbona umekonda kwenye picha, mbona mtoto wa fulani amejenga. Sasa ni barua ya tatu Mama amekuwa mpole kama sheikh.

Nakuuliza waziwazi, Sitana. Mama ana nini?

Dafalla

*

Hillat Wad Sarur,
30 Aprili 1986

Mdogo wangu,

Salamu nitazifupisha, tu wazima, ngano imevunwa, yule mbuzi kilema anakimbia kuliko mwenziwe.

Haya, nakwambia ukweli, na Mama asijue kama nimekwambia. Alianguka mwezi wa Novemba pale kwenye mitungi ya maji. Nyonga imevunjika. Mganga wa mifupa alimfunga, ikaunga vibaya, na tangu hapo hatembei. Amelala kwenye kitanda cha kamba barazani, asubuhi tunamsogeza kivulini, jioni tunamsogeza kwenye upepo. Alituapisha tusikwambie. Ndiyo maana salamu zake zimekuwa fupi: kila nikitaka kuandika matusi yake mguu unaingia katikati. Maana siku hizi anakutukana kwa ajili ya mguu huo. "Angekuwa ameoa, mkewe angekuwa ananichotea maji." Unaona? Nikayaacha yote nikaandika dua.

Sauti anayo, alhamdulillahi, majirani wanatamani angevunjika hapo. Anachotaka ni kimoja, kukusikia. Simu iko posta ya Karima, na Karima bila basi ni mbali kama Makka. Kwenye lori hawezi kupandishwa. Tulijaribu pikapu, akazimia kabla hatujapita shamba la pili, tukamrudisha. Ila kwenye basi la baba kuna lile benchi refu nyuma ya dereva, pale anaweza kulala, na Khidir anajua kulipitisha kila shimo. Basi likipona nitamfikisha kwenye simu, na nikitoka hapo nimpeleke kwa daktari. Sasa unajua kwa nini niliomba.

Nakutumia na kaseti. Tulimbembeleza aseme neno, akakataa kuongea na kisanduku. Amesema salaam aleikum, akanyamaza. Mengine unayosikia humo ni jogoo.

Sitana

*

Jeddah,
10 Juni 1986

Dada,

Idi njema kwenu nyote.

Nimesoma habari ya mguu. Dada yangu, mimi nimezaliwa hapohapo ulipozaliwa. Najua mnavyomtayarisha mtu. Kwanza mgonjwa kidogo. Barua ya pili amezidiwa. Ya tatu yuko hospitali ya Khartoum na madaktari wanajitahidi. Ya nne, njoo nyumbani, tumekukumbuka. Baba naye, niliambiwa baadaye, ugonjwa wake ulianzia mguuni. Msinipandishe ngazi pole pole, nimeshafika juu peke yangu.

Kaseti nimeisikiliza. Ni sauti yake, sikatai. Lakini sauti haina tarehe.

Vijana wa kwetu hapa walinikuta sili, wakaniuliza, nikawaambia. Wakatandika mikeka chumbani, watu wakaja siku tatu na chai na sukari, wakamsomea Mama Fatiha. Sikuwa na nguvu ya kumkaribisha mtu. Nililia, Sitana, kama mtoto. Sasa nimetulia.

Injini nimeipata kwenye uwanja wa magari chakavu, ya basi la Kijapani, nzima, nimeisikia ikiwaka kwa masikio yangu. Imeshapakiwa kwenda Bandari ya Sudan. Nimefanya linalompasa mtoto kwa mzazi wake.

Mimi sirudi. Siwezi kuingia tena mlango ule kwa kilio. Nyumba isiyo na Mama mimi naifuata nini? Msinisubiri.

Dafalla

*

Hillat Wad Sarur,
21 Septemba 1986

Dafalla, kichwa maji wewe,

Salamu nitakupa mwisho kama nitakuwa nimebakiwa nazo.

Sanduku lako limefika. Lilikaa forodhani mpaka likasahauliwa, likaja Karima kwa garimoshi, likapakiwa kwenye lori la magunia. Jana lori likaingia kijijini mchana kweupe, watu wametoka kuswali, kila mtu yupo. Na ubavuni mwa sanduku, kwa rangi ya kijani, herufi kubwa ambazo hata vipofu wamezisoma: SADAKA KWA ROHO YA MAREHEMU HAJJA MADINA BINTI SARUR, MUNGU AMLAZE PEMA.

Unajua kilichotokea? Kilio kilianzia msikitini kikaja mpaka kwetu kama moto wa mabua. Wanaume wamevua viatu. Bi Suad wa nyumba ya pili, ambaye asubuhi ileile alikuja kuazima chumvi kwa Mama mwenyewe, kwa Mama mkono kwa mkono, akaingia uani amejipaka vumbi kichwani, akajitupa chini anapiga mayowe, "Ewe Madina wangu, umetuachia nani!"

Mama alikuwa kitandani anakata bamia za kukausha. Akasema, "Nani tena amekufa?"

Bi Suad akainua kichwa, akamwona, akaendelea kulia maana kilio chake hakina breki. "Ni wewe, Hajja!"

"Mimi? Lini?"

"Haikuandikwa siku."

"Basi toa vumbi lako kwenye bamia zangu," akamchapa kwa ungo.

Tukacheka, Dafalla. Tulicheka mpaka tukashikana. Mama akaagiza ule ubao uletwe, akasomewa mara mbili. Akauliza, "Injini nzima?" Nzima, nikamwambia. "Baba yake alichinjiwa naye kondoo mmoja. Mimi injini." Nikaona amefurahi. Kisha akaugeukia ukuta, na mabega yakawa yanatikisika, nami nikawafukuza watu uani. Alilia mpaka magharibi. Akaniambia, "Amenizika, Sitana. Amenitandikia matanga katika nchi ya watu, na mimi huku namwekea tende za kwanza kila mwaka."

Sasa niambie, nitakuandikia nini ukiamini? Nikisema mzima, nadanganya. Nikisema mgonjwa, napandisha ngazi. Nimechoka na wewe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, hilo najua, na mlangoni siku ile nilikuwepo, na mimi ni mmoja wa waliokupigia ukelele. Lakini saa nyingine nadhani umechagua kuamini amekufa kwa kuwa maiti hamdai mtu kurudi nyumbani.

Na injini yako haiingii! Umesahau usukani wa basi la baba uko kulia, toka enzi za Waingereza, kabla nchi haijahamia upande mwingine wa barabara. Hiyo ya Kijapani imetoka kwenye basi la usukani wa kushoto. Bomba lake la eksozi linatokea palepale inapopita shafti ya usukani. Fundi Bushra ameipima kwa kamba huku na huku, akakaa juu ya tairi, akasema, "Mdogo wako ametutumia bwana harusi asiyeenea kitandani."

Anajaribu.

Sitana

*

Jeddah,
28 Oktoba 1986

Dada Sitana,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Nimepata homa nimepona. Chumba kimepungua, wawili wamerudi nyumbani kwa pamoja, mmoja kaoa.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha mmoja wao, mtu kutoka mji wa Korti, akasema, "Dada yako fundi wa kusimulia." Nikaacha kucheka. Maana ni kweli, tangu tukiwa wadogo wewe ndiye uliyekuwa unatutungia hadithi mvua zikigoma. Nikaikunja, nikaifungua tena, nikasoma pale kwenye ungo. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Ulivyosema juu ya maiti na kudai, kumeniuma. Hilo silijibu leo.

Habari ya usukani sikuikumbuka kabisa. Nimeishi huku mpaka nimesahau baba alikaa upande gani akiendesha.

Sikiliza. Chini ya ghala letu kuna duka la mtu wa Hadhramaut, lina simu. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kila Jumamosi baada ya alasiri nitakaa hapo, kila Jumamosi, mpaka mfike au nichoke. Mleteni posta ya Karima. Nikimsikia Mama, anagombeza kuhusu jambo la mwaka huu na si la zamani, narudi, na atakayenizuia hajazaliwa. Lakini ukinipigia wewe peke yako kuniambia amezidiwa njiani, usiseme neno. Kata simu. Nitaelewa.

Dafalla

*

Hillat Wad Sarur,
7 Desemba 1986

Dafalla,

Salamu za wote. Baridi imeanza, maji ya mto yameshuka, tende zimeuzwa zote isipokuwa kikapu unachokijua ni cha nani.

Mama anakohoa. Nakuandikia jinsi lilivyo, amini au usiamini. Ameanza tangu baridi iingie. Anakula kidogo, anagombeza sana. Anasema Jumamosi zinapita.

Basi limechukua miezi. Fundi Bushra alisema mambo mawili tu yanawezekana, kuhamisha usukani au kuhamisha eksozi, na Khidir hakubali usukani wa marehemu baba uguswe. Wakagombana hapo wiki. Bushra: "Unataka basi au kumbukumbu?" Khidir: "Vyote." Bushra: "Basi wewe ndiye uliyeiua ya kwanza kwa 'nitafika' yako, sasa unanipangia ya pili?" Khidir akaondoka, akarudi kesho yake na mabomba ya pampu ya maji, ile pampu kuukuu ya baba iliyolala ukingoni mwa mto. Wakayakata, wakayapasha moto, wakayakunja. Eksozi sasa inapanda juu ya injini, inapita ubavu wa pili, inatokea mbele ya mlango. Vishikio vya injini wakavitengeneza kwa vipande vya reli. Giaboksi ya zamani ikakataa kuoana na injini, wakachonga bamba la chuma la kuziunganisha, la kwanza likapasuka, wakachonga lingine. Mimi nilikuwa napika tu. Nimepika, Dafalla. Nimepikia mafundi, waliokuja kuangalia mafundi, na waliokuja kuwaambia mafundi wanakosea. Mikono inanuka dizeli na vitunguu, sijui ipi imezidi.

Alhamisi iliyopita wakaiwasha. Ikakohoa kama Mama, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Wakatoa hewa kwenye mabomba ya mafuta, wakaiwasha tena. Ikakamata. Sauti si ile ya zamani, hii inanguruma kwa chini. Watoto walikimbia uani wanapiga kelele. Nilidhani Khidir atacheka. Aliweka paji la uso kwenye usukani akalia, na mimi nikaona haya kumwangalia nikaenda kuosha vyombo.

Abiria wanaokaa upande wa mlango wataungua miguu kidogo. Bushra anasema wavae soksi.

Tunangoja kifua cha Mama kitulie, kisha tutakuja. Kaa kwenye simu yako.

Sitana

*

Jeddah,
12 Januari 1987

Dada yangu,

Kabla ya salamu, mbusu Mama mikono. Yote miwili, nje na ndani. Baada ya hapo salamu kwenu nyote.

Nikueleze ilivyokuwa huku, maana wewe uliiona kwa upande wako tu. Jumamosi ile nilikuwa karibu ninyanyuke. Mwenye duka alishaanza kunionea huruma, ananipa chai bila kuniuliza. Simu ikalia. Nikasikia mtu wa posta anapiga kelele, halafu upepo, halafu wewe. Ukasema, "Dafalla?" Mkono ukaenda kukata, wallahi, kidole kilishafika. Ndipo nikasikia nyuma yako, "Nipe hicho kitu, unakishika kama mwiko!"

Nikakaa juu ya gunia la mchele la mwenye duka.

Akasema, "Dafalla, nani aliniosha?"

Nikaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Nakuuliza wewe uliyenizika. Nani aliniosha? Nani aliniswalia? Maji yalikuwa ya moto au ya baridi?"

Nilikuwa nalia, Sitana, mbele ya wateja.

"Umeoa?"

Nikasema, "Bado."

"Unazika watu hujaoa. Huna haya. Na injini yako inaunguza watu miguu." Halafu akakohoa, akakohoa kwa muda mrefu, na nikamsikia anakwambia, "Yupo. Akilia haongei, toka mdogo." Kisha laini ikakatika.

Simu nzima nilisema neno moja, bado. Mwenye duka ananitania mpaka leo, kila nikipita ananiuliza, "Umeoa?"

Dada, ulisema nimechagua kuamini amekufa. Nimelala na maneno hayo. Nadhani ulisema kweli. Nilikuwa nimechoka kungoja habari mbaya, nikaona bora niilie mapema niimalize. Hilo sikujua kuhusu nafsi yangu mpaka aliponiuliza habari ya maji.

Pasipoti iko kwa tajiri wangu. Nimeiomba, amesema kazi ya ghala itapungua mwezi wa tatu, atanipa. Nimeanza kununua vitu. Mama nimemnunulia shuka ya sufu, ya kijivu, si nzito. Mwambie nakuja. Na shemeji mwambie nitakaa pale karibu naye, na kama ananitania anitanie.

Dafalla

*

Hillat Wad Sarur,
16 Februari 1987

Dafalla,

Kaa chini kwanza.

Mama amekufa. Ni Jumanne iliyopita, tarehe kumi, mchana kabla ya adhuhuri. Ni kifua. Daktari wa Karima alimpa sindano siku ile ya simu, akapata nafuu wiki mbili, kisha kikarudi kwa nguvu. Hakuteseka siku nyingi. Nilikuwa namnywesha maziwa, akasema yamepoa, nikaenda kuyapasha, niliporudi alikuwa ameondoka.

Wote wamenikataza kukuandikia. Khidir, wajomba, imamu mwenyewe. Wamesema unakuja mwezi ujao, mwacheni afike kwanza, kwa nini aipokee ugenini. Bi Suad amesema nina roho ya mawe. Khidir hajawahi kunipandishia sauti tangu anioe, jana amenipandishia. Nikamwambia, mtu huyu tulimficha kifo kimoja akamzika aliye hai. Tukimficha na hiki ataamini nini tena duniani? Nikachukua karatasi nikaenda kuandikia shambani, ndiko niliko sasa.

Ni mimi niliyemwosha. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Imamu aliswalisha, na safu zilifika mpaka kwenye mitende. Basi lilipita kando yote ya mto kuwachukua watu, likaenda na kurudi tangu adhuhuri mpaka jua kuzama, halikuzima hata mara moja. Khidir alikuwa haoni njia kwa machozi na hakugonga kitu.

Baada ya ile simu Mama alibadilika. Kila aliyekuja kumwona alimsimulia. "Nilimwuliza nani aliniosha, akakosa jibu." Alicheka mpaka akakohoa. Alikufa akijua unakuja, na nadhani hilo lilimtosha, ingawa mimi halikunitosha, nilitaka akuone.

Nimechoka, ndugu yangu. Sina nguvu ya kukubembeleza. Uliandika kwamba nyumba isiyo na Mama huifuati kitu, na sasa ndiyo hii. Ukiona huwezi kuja sitakulaumu, na sitamruhusu mtu akulaumu. Nilitaka tu uwe unajua. Huyu anayeleta barua nimemwambia asiiweke mfukoni, aishike mkononi mpaka kwako.

Dada yako,
Sitana

*

Jeddah,
11 Machi 1987

Dada Sitana,

Aliyeileta alinikuta ghalani, ameishika mkononi kweli, jasho limefuta jina langu. Nikasoma nimesimama.

Sikuwaita watu. Wamekuja wenyewe. Safari hii niliwakaribisha, nikawatilia chai.

Umefanya vyema kuniambia, na wajomba nitawaambia mimi mwenyewe. Mwambie shemeji asigombane na wewe.

Jana tajiri amenipa pasipoti. Akaniuliza kama bado naitaka, maana alisikia msiba, akasema kwa sasa hakuna haraka. Nilikaa nayo mkononi barabarani mpaka taa zikawaka. Ile shuka ya Mama nilitaka kuitoa kwa maskini wa msikitini, nikashindwa, nimeirudisha kwenye sanduku. Utaivaa wewe.

Meli ni Jumatatu. Nakuja vilevile.

Dafalla